Albamu Ndani ya Kiondo

Ukimuuliza mtu wa Nchiru Marete ni nani, atakuambia ni yule wa bucha, na hapo habari yake imekwisha. Wanafunzi wa chuo hupanga foleni mbele ya kioo wakitaka nyama kidogo na mifupa mingi ya supu, naye huwakatia wote sawa, bila upendeleo na bila maneno, shoka likipanda na kushuka juu ya gogo. Mwenye bucha humpenda kwa ukimya huo. Bucha nyingi, husema, huangushwa na mdomo wa mkataji.

Wachache tu walijua kwamba mkimya huyohuyo, Jumapili mchana, hujitundika gitaa la besi begani na kunguruma kwenye maikrofoni mpaka mishipa ya shingo inasimama. Waliomwona akifanya hivyo walimtazama mara mbili kabla ya kuagiza maini.

Bendi yao ilikuwa ya watu watatu na iliitwa Shoka Butu. Besi na sauti vilikuwa vya Marete. Gitaa lilikuwa la Nthiga, Mwembu aliyeuza dawa za mifugo Githongo na aliyeamini kwamba kila ugonjwa wa ng'ombe na wa binadamu unatibika kwa kuongeza sauti. Ngoma zilikuwa za Suhail wa Majengo mjini Meru, ambaye mamake alidhani anakwenda kufanya mazoezi ya mpira. Walipiga roki, tena roki nzito. Ukiwauliza vijana wa Meru mjini watakuambia ni kelele, na ukiwauliza wazazi wao watakuambia ni mashetani. Watatu hao hawakubishana na yeyote. Waliendelea kupiga, na baada ya miaka ya kupiga kwenye baa tupu za Embu na Meru wakaamua kurekodi albamu yao ya kwanza.

Waliirekodi kwenye ghala la kahawa la mjomba wake Nthiga, msimu ambao halina kitu. Waliyatundika magunia matupu kutani ili yameze mwangwi, Suhail akapanga ngoma zake pale ambapo mizani ya kahawa hukaa, na kwa wiki kadhaa kuku wa jirani hawakutaga vizuri. Albamu waliiita Ganzi. Jina lilitoka kwa Marete, na wenzake hawakumuuliza sababu. Sababu waliijua.

Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, Kaari, mke wa Marete, alikuwa mjamzito. Kaari ni mtu wa Runyenjes, upande wa Embu, na ni msusi. Ana saluni yake ndogo Nchiru, nyuma ya hosteli, na vidole vyake wanafunzi huvisifia kuliko walimu wao. Mimba ilikuwa ya kwanza. Desturi ya kwao haina mjadala: msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba. Kwa hiyo Lenah Mukami, mama yake Marete kule Githongo, alimngoja mjukuu kama mtu anayengoja kuzaliwa mara ya pili. Alimwita "mimi mdogo" kabla hajajulikana ni nani.

"Akiwa msichana," alikuwa akimwambia Kaari, "nitapiga vigelegele mpaka wavisikie Nkubu."

Vigelegele vya kuzaliwa ni habari kamili katika milima ile. Mtoto akifika, wanawake huvipiga uani, na walio mashambani huacha majembe wakahesabu. Vya mvulana huzidi vya msichana. Anayesikiliza akiwa bondeni hajui bado mama ni mzima au la, lakini ameshajua kama ni mvulana au msichana.

Mtoto alikuwa msichana, kamili wa viungo vyote, ila hakulia. Nesi alimfuata Marete kwenye korido ya hospitali akamuuliza kwa upole kama angetaka kumwona.

"Hapana," Marete alisema.

Hakujua kwa nini alisema hapana. Neno lilitoka lenyewe, na nesi akaondoka nalo. Alasiri hiyohiyo Marete alikuwa amesharudi kwenye gogo lake. Mwenye bucha alimwambia aende nyumbani, naye akajibu kwamba nyama itaharibika.

Lenah na mama yake Kaari walimchukua mtoto wakamzika nyuma ya migomba ya Githongo, wanawake peke yao. Hakukuwa na kamati, hakukuwa na mchango, hakuna aliyechemsha chai ya msiba. Wanawake wakongwe wa huko wana msimamo wao: mtoto asiyelia haliliwi. Jina pia hapewi, kwa sababu jina ni la mtu aliyefika. Huenda zamani hiyo ilikuwa huruma, watu wasije wakashinda makaburini. Kwa Kaari haikuwa huruma hata kidogo. Alirudi nyumbani maziwa yakimtoka na hakuna mtu aliyemwambia pole kwa sauti.

Marete naye hakulia, hakukasirika, hakulewa. Alikula alichopewa. Siku moja kisu kilimkata kidole, naye hakujua mpaka mteja alipomwonyesha damu kwenye mizani. Alipomtazama mkewe alijua kwamba anampenda, kama mtu anavyojua njia ya kwenda kwao, lakini alikuwa akilijua jambo hilo tu, hakulisikia popote mwilini. Kitu pekee kilichobaki ni ule mngurumo wa Jumapili. Nyimbo zote za albamu zilitoka humo. Na katika wimbo wa mwisho, mahali ambapo vyombo vyote hunyamaza ghafla, alipiga kelele jina moja tu, Mukami, mara tatu, kisha vyombo vikarudi.

"Bro, Mukami ni nani?" Suhail alimuuliza siku ya kurekodi.

"Jina tu."

"Si ni jina ya mamako?"

"Jina tu, Suhail. Cheza."

Suhail hana shule nyingi lakini ana dada watano, na nyumba yenye dada watano humfundisha mtu wakati wa kunyamaza. Akacheza.

Sasa, Kaari hakuwahi kuusikia wimbo huo. Mziki wao aliuita "hizo vita zenu" na aliuvumilia kwa mbali, kama wanawake wengine wanavyovumilia mpira. Asubuhi moja, albamu ikikaribia kwisha, alimwekea Marete chai mezani akabaki amesimama.

"Marete."

"Ee."

"Hujawahi kumtaja. Hata siku moja. Mimi nasuka watoto wa watu siku mzima, wananikalia hapa katikati ya magoti, halafu nakuja kwa nyumba na hakuna mtu naweza ongea naye juu ya wangu." Hakuwa analia. Alikuwa amechoka. "Ukimaliza hiyo album yako, mimi naenda kwetu."

"Utarudi lini?"

"Sijasema nitarudi."

"Sawa," Marete alisema.

Sawa! Mtu anaambiwa nyumba yake inaanguka, anajibu sawa na kunywa chai. Lakini ndivyo alivyokuwa. Ndani yake kulikuwa na mtu mdogo aliyekuwa akipiga mlango akisema mwambie asiende, mwambie asiende, naye akamsikia vizuri kabisa, na mdomo haukufunguka. Kaari alitoa begi juu ya kabati siku hiyohiyo.

Mambo yangeishia hapo kama Nthiga angejua kufunga mdomo. Alikutana na Lenah sokoni Githongo, akamwambia kwa furaha kwamba ile albamu ya mwanawe imekamilika. Lenah ni mwanamke wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, na katika maisha yake yote neno albamu lilikuwa na maana moja tu: nyimbo za injili. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya ushirika akasema Mungu amemkumbuka, kijana wake ametoa albamu, na itazinduliwa hapohapo. Makofi yakapigwa. Jioni akapiga simu.

"Na mimi nasikia kwa watu sokoni? Mimi, mama yako?"

"Pole, mama."

"Ni Jumapili ile ingine, baada ya ibada. Nimeongea na Mchungaji Mithika. Hema imepatikana."

"Mama, hizi nyimbo si za..."

"Si za nini?"

Marete aliitafuta sentensi. Ilikuwa mbali na ilikuwa nzito. "Sawa, mama," akasema.

Kwa asiyejua, uzinduzi wa albamu upande ule ni sherehe isiyopungua harusi kwa mengi. Akina mama hushona vilemba vya rangi moja. Sidii, ile diski yenye nyimbo, hufungwa kwa kitambaa ikawekwa ndani ya kiondo, kile kikapu cha mkonge, na mama wa mwimbaji hukibeba akicheza kutoka langoni mpaka meza ya mbele, wenzake wakimfuata. Mchungaji huiombea. Kisha mwimbaji huimba wimbo mmoja, na mgeni wa heshima hupewa nakala ya kwanza. Ndipo watu hula.

"Umewaambia tunapiga nini?" Nthiga aliuliza alipopata habari.

"Bado."

"Utawaambia lini?"

Marete akageukia besi yake, akaanza kukaza nyuzi.

"Mimi nina wateja pale!" Nthiga alilia. "Nusu ya hiyo kanisa wananunua dawa ya kupe kwangu!"

Suhail alikuwa na wasiwasi mwingine. Albamu yenyewe haikuwa na sidii. Siku hizi mziki unakaa kwenye simu, mtu anatumiwa link basi. "Lakini huwezi kuombea link," akasema, na akazunguka mji mzima wa Meru mpaka nyuma ya soko la Gakoromone, kwa fundi mmoja mzee wa redio, akachomewa sidii moja. Hiyo ndiyo ilikuwa nakala pekee ya Ganzi duniani iliyoshikika mkononi.

Siku ilipofika, hema lilijaa. Akina mama walikuwa na vilemba vya zambarau. Kaari alikuja kwa sababu mama mkwe alimpigia simu mwenyewe, na mtu hamkatalii Lenah kwa simu. Alikaa kiti cha pembeni, na miguuni pake kulikuwa na lile begi. Angepandia gari Nkubu jioni ileile. Marete aliliona begi akiwa anafunga nyaya za besi, akaendelea kufunga nyaya.

Lenah aliingia langoni na kiondo kichwani. Alicheza vizuri sana, magoti yakiwa bado yanamtii, akitabasamu kwa kila mtu kwa zamu. Mchungaji Mithika akaweka mkono juu ya kiondo akaomba sauti ile iwafikie waliovunjika moyo na waliosahauliwa. "Amina!" Suhail akaitikia kutoka kwenye ngoma za kanisa kwa sauti kuliko waumini wote, mpaka wengine wakageuka.

Walikuwa wamekubaliana kupiga wimbo wa mwisho wa albamu, kwa kuwa unaanza taratibu. Kwa hakika ulianza taratibu. Gitaa la Nthiga lilidondoka tone kwa tone, na akina mama wakaanza kuyumba kidogo, wengine wakiwa wamefumba macho. Kiongozi wa kwaya alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Halafu Suhail akashusha mikono yote miwili, besi ikaingia, na Marete akanguruma.

Kikombe kilianguka mahali fulani. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alichukua kofia yake, akaivaa, akaondoka bila haraka. Watoto walifurahi kupita kiasi. Tabasamu la Mchungaji lilibaki usoni pake kwa sababu alikuwa hajaamua aliweke wapi. Vilemba vya zambarau viliacha kuyumba, vyote kwa pamoja.

Marete aliyaona haya yote kana kwamba yuko nyuma ya kioo cha bucha. Alimwona mama yake amesimama kando ya meza, kiondo kitupu mkononi, mbele ya watu aliokaa nao na kuzeeka nao. Nimemwaibisha, akawaza. Wazo lilikuwa wazi na halikumuuma. Vidole vilijua kazi yake vikaendelea, na koo likaendelea, mpaka wakafika pale ambapo vyombo hunyamaza.

"Mukami!"

Hema lote likamgeukia Lenah. Katika kila uzinduzi mwimbaji humwimbia mama yake, na watu wakashukuru kupata mwishowe kitu wanachokifahamu. Mama mmoja akaanza kupiga makofi. Lenah hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, na uso huo alikuwa ameufahamu tangu ukiwa haujui kuongea.

"Mukami!"

Mara hii sauti ilipasuka katikati. Haikuwa imepasuka hivyo ghalani. Lenah aliteremsha kiondo chini. Akainua mkono, akauweka karibu na mdomo, na akapiga vigelegele.

Alipiga kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kusikika Nkubu. Akakata. Akapiga tena, akakata. Watu walijiandaa kumfuata, kwa sababu furaha ya uzinduzi haina idadi, kila mtu hupiga mpaka achoke. Lakini Lenah alifika idadi fulani akasimama hapo. Akafunga mdomo, mkono ukishuka taratibu.

Vijana hawakuelewa. Waliohesabu ni wanawake wa rika lake, wale wawili watatu waliojua kilichozikwa nyuma ya migomba. Mmoja wao aliinuka kwa shida kutoka mstari wa nyuma, akavipiga vilevile na kusimama palepale. Mwingine akafuata. Kisha hema likavipokea, kilemba kwa kilemba, wengi wakijua tu kwamba kuna msichana amezaliwa, bila kujua ni wa nani. Mama yake Kaari hakuwepo, lakini Kaari alikuwepo. Alikuwa amesimama, na begi limeanguka ubavu.

Marete alitakiwa kuliita jina mara ya tatu. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa mngurumo wala wimbo. Alikuwa analia, mwanamume wa bucha, mbele ya ushirika mzima, na maikrofoni ikiwa wazi. Akakaa juu ya spika. Ilimuuma kila mahali kwa wakati mmoja, kama mguu uliokaliwa sana unapoanza kuamka, na aliogopa maana hakujua itaisha lini. Nthiga alisimama na gitaa lake bila kujua la kufanya. Suhail aliweka vijiti chini, akaja, akaizima maikrofoni.

Wimbo haukumaliziwa. Mchungaji Mithika akasema watu wakaribie chakula. Wakala. Wengine walilalamikia kelele hata midomo ikiwa imejaa, na walikuwa na haki yao. Mgeni wa heshima aliondoka na sidii mfukoni. Kupe wa Githongo waliendelea kuuawa na dawa za Nthiga.

Marete alikuwa nyuma ya hema akikunja nyaya. Kaari akaja na begi mkononi akasimama mbele yake.

"Ni yeye ulikuwa unaita?"

"Ni yeye."

"Kwa album iko hivyo? Ama umebadilisha leo?"

"Iko hivyo tangu mwanzo."

"Na hukuniambia."

"Sikuweza," Marete alisema. "Nilikuwa nataka. Haikuwa inatoka." Aliachilia waya. Kulikuwa na jambo moja zaidi, na alijua kwamba asipolisema sasa, hatalisema milele. "Kaari, nesi aliniuliza kama nataka kumwona. Nikasema hapana."

"Najua. Mlango ulikuwa wazi. Nilikusikia."

Mwaka mzima na ushei alikuwa anajua. Alipika akijua, akalala kando yake akijua. Marete alitamani ardhi impokee, lakini hakugeuza uso.

"Alikuwa aje?" akauliza.

Kutoka upande wa mbele, sahani zilikuwa zikigongana na mtoto wa mtu alikuwa akijaribu kunguruma kama Marete. Kaari aliliweka begi chini, kwenye nyasi. Akanyoosha mkono, vile vidole vyake vya saluni, akamgusa Marete nyuma ya sikio, chini kidogo, pale shingo inapoanza.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Zilikuwa zinafika hapa. Zingesukika."